Vidonge vya chunusi na korona: tusichanganye dawa
Nimesoma makala inayodai eti kila anayekunywa vidonge vya chunusi alipaswa kuacha mara korona ilipoingia, kwa kuwa "vinashusha kinga ya mwili". Hapo makala hiyo imechanganya mambo. Mimi nilikuwa mwezi wa tatu wa isotretinoini, vidonge vya chunusi kali, Machi 2020, hapa Mombasa, na daktari aliniambia kwa simu niendelee: dawa hii si steroidi, haizimi kinga. Inachokausha ni midomo na pua. Asubuhi nikivua barakoa, ndani yake kuna alama ya damu ya mdomo uliopasuka, na mkono unataka kwenda usoni kila dakika, jambo ambalo ndilo tulilokatazwa. Nikawa napaka mafuta ya mgando mdomoni na kwa ncha ya kijiti cha pamba puani, baada ya kunawa. Tatizo kubwa lilikuwa kwingine: vipimo vya damu vya ini na mafuta, na kipimo cha mimba kila mwezi, maana dawa hii huharibu mtoto tumboni. Dada zangu, hicho hakirukwi hata kuwe na kafyu. Cha duka la dawa unapima nyumbani, picha unamtumia daktari. Wengine nao walikuwa wakimeza doksisaiklini ya chunusi wakidhani inaua korona! Hiyo ni ya bakteria, na ukiichanganya na isotretinoini shinikizo la kichwani linaweza kupanda. Je, kuna aliyeacha katikati kwa hofu, chunusi zikarudi?