Hamali wa Marikiti afanyiwe sanamu?

Duane Hanson, msanii wa sanamu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1996, hakujishughulisha na wafalme. Alichukua kalibu kwenye mwili wa mtu hai, akaimiminia resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, akapaka rangi mpaka mishipa ikaonekana, kisha akavisha nguo za kweli. Queenie II, ya mwaka 1988, ni mwanamke mweusi, mfanya usafi, na kitoroli chake cha ndoo na mifagio. Ukiikuta ghafla utadhani ni mtu.

Mombasa nayo ina watu wa kutazamwa hivyo. Kinachopigwa picha zaidi Moi Avenue ni mifano mikubwa ya pembe za ndovu iliyosimamishwa miaka ya 1950 kwa ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Ilhali Januari 1947 makuli wa Kilindini na wenzao wa reli waligoma, mji mzima ukasimama. Mtazame hamali pale soko la Marikiti: gunia lililokunjwa begani, akala miguuni, na kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma ya mkokoteni ndicho breki yake. Tunampigia honi atupishe, basi. Sanamu ingetulazimisha kusimama tuyaone mabega yale.

Lakini pingamizi zipo, na si za kupuuzwa. Wanavyuoni wengi wanaharamisha sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, na ufundi wetu wa asili ulikwenda kwenye milango, maua na maandishi. Kuisimamisha barabarani, mbele ya watu waendao msikitini, ni uchokozi. Mahali pake ni ukumbini, anakoingia mtu kwa hiari yake.

Pingamizi la pili ndilo linalonikera zaidi: nani anamtazama nani? Msanii John Ahearn aliishi Bronx, New York, akiwatolea kalibu majirani zake aliowapenda. Mwaka 1991 sanamu zake tatu za shaba ziliwekwa mbele ya kituo cha polisi: kijana na mpira wa kikapu, msichana wa viatu vya magurudumu, mwanamume na mbwa wake. Baadhi ya wenyeji walilalamika kwamba mtaa wao umeonyeshwa vibaya, naye akaziondoa baada ya siku chache tu. Kama jirani mwenye mapenzi aliyakuta hayo, sembuse msanii anayekuja Marikiti asubuhi na kuondoka jioni?

Hata hivyo mimi naunga mkono, kwa masharti. Kutulia ndani ya plasta wakati kalibu inachukuliwa ni kazi, na kazi ina ujira. Jina la hamali liandikwe chini ya sanamu kwa herufi zilezile za jina la msanii, na ikiuzwa apate fungu lake. Na akisema hataki watu wamwone kifua wazi, anataka kanzu yake ya Ijumaa, avishwe kanzu. Msanii atalalamika kwamba hiyo si sura ya kazini. Na alalamike.