Plastiki inang'aa, meno je?

Kila anayeniuliza kuhusu hizi alaina, zile plastiki za kunyoosha meno ambazo ukivaa hazionekani, anaanza na bei, akitoka hapo anauliza zinauma? Swali la usafi likija basi ni la plastiki yenyewe, unaoshea nini, hainuki? Na watu wanaovaa nao ni hivohivo, wanapeana majina ya vidonge vya kutoa povu na vimashine vya kutikisa, wanabishana kabisa. Mi naona tunahangaika na kisichotuhusu sana. Hiyo plastiki unavaa wiki moja au mbili unatupa unavaa inayofuata, jino je?

Iko hivi. Alaina inatakiwa ikae mdomoni masaa 20 mpaka 22 kwa siku, manake kula, kunywa na kupiga mswaki vyote vigawane masaa yaliyobaki. Na mate ndo mlinzi wa jino, yanasuuza, yanapunguza asidi, yanarudisha madini kwenye lile ganda gumu la juu. Ukishafunika jino mate hayafiki vizuri, kwahiyo sukari uliyoiacha humo bakteria wanaila kwa raha zao na wanatoa asidi, pH, yaani kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, ikifika chini ya 5.5 hivi ganda linaanza kupoteza madini. Ndo unakuta mtu kamaliza matibabu, meno yamenyooka vizuri tu, ila yana madoa meupe pembeni ya ufizi, na yale madoa ni kuoza kumeshaanza.

Sasa hayo yalete Tabora. Huku hatuli mara tatu, tusidanganyane, tunakula kidogokidogo siku nzima. Asubuhi chai na matobolwa, ukifika kazini kuna mtu kaja na karanga, saa nne chai tena na chapati, jioni ukipita kumsalimia mgonjwa unaletewa soda na ukikataa utaonekana unaringa. Sheria ya daktari inasema vua, kula, piga mswaki, vaa. Haya, kwa ratiba hiyo utavua mara ngapi? Wengi wanachoka, wanavua wanakula wanarudishia hivohivo, au wanakunywa chai nayo mdomoni, "si ya rangi tu". Ya rangi ina sukari vijiko vitatu! Inaingia chini ya plastiki inakaa humo, halafu ya moto plastiki yenyewe inajipinda na inabadilika rangi. Ukiwa nazo mdomoni ni maji ya kawaida peke yake, basi.

Matobolwa ndo yananipa shida kuliko vyote na nayapenda mno. Viazi vitamu vimechemshwa, vimekatwa, vimeanikwa mpaka vimekuwa vigumu, ukivitafuna vinarudi kuwa uji mzito unaojibandika kwenye mifereji ya magego. Na mwenye alaina mara nyingi anakuwa na vile vidoti vidogo vya rangi ya jino vilivyogandishwa juu ya meno ili plastiki ishike, sasa ukipitisha ulimi unahisi kabisa ukingo wa kidoti umejaa. Kusukutua hakutoi, hiyo ni kazi ya mswaki, unaulaza juu ya kidoti kisha chini yake. Embe nalo nyuzi zake zinajikaza katikati ya meno, pale mswaki haufiki, ni uzi wa meno. Vijiti vya kuchokolea vinatoa nyama tu na kuumiza ufizi.

Halafu asali. Najua nitasutwa hapa, asali yetu ni nzuri na mizinga ndo imesomesha watu. Ila hii habari ya kwamba asali ni dawa kwahiyo haidhuru meno hapana, hata Shirika la Afya Duniani linaihesabu kwenye kundi moja na sukari ya kuongezwa. Kibaya zaidi watu wanalamba kijiko usiku kwa ajili ya kifua kisha wanavaa alaina wanalala, na usingizini mate yanapungua. Lamba, ila mswaki uwe wa mwisho.

Msimamo wangu basi, dawa sio kupiga mswaki mara nane, dawa ni kupunguza mikao ya kula. Chai ya saa nne niliihamishia kwenye chakula cha mchana, mama lishe wetu akaniona siku za mwanzo, "mwanangu unaumwa?" Hapana mama, chai nitakunywa na wali. "Chai na wali?" Akacheka, ila siku hizi ananiwekea bila kuuliza. Ukishakula kila kitu kwa mkupuo unapiga mswaki mmoja wa maana, mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, yale madini ya kukaza ganda la jino, unatema bila kusukutua sana ili floraidi ibaki. Kama ulikula embe bichi na chumvi au ukwaju suuza kwa maji kwanza usubiri nusu saa ndo upige. Ofisini hakuna sinki? Chupa ya maji na nyuma ya jengo panatosha. Mkaa wa kusugulia meno usiguse, unakwangua.

Plastiki yenyewe haina maneno mengi, mswaki wake wa pembeni, sabuni ya maji kidogo, maji yasiwe ya moto, na ukiivua iingie kwenye kikopo chake, ukiifunga kwenye tishu pale kwa mama lishe itafagiwa na mabaki.

Kinachonikera ni ile karatasi ya maelekezo niliyopewa kliniki Dar, ya Kiingereza, imejaa habari za biskuti na kahawa, utadhani wateja wote wanaishi ghorofani. Hawa madaktari wetu wako makini, hawashindwi kukaa siku moja wakaandika ya Kiswahili yenye matobolwa, asali, miwa, na soda ya kumsalimia mgonjwa. Hiyo ya soda hasa waniandikie na maneno ya kumwambia mwenyeji.