Kuku anayepukutisha manyoya hahitaji mahindi zaidi

Siku zikishaanza kuwa fupi na sakafu ya banda ikajaa manyoya, mkono wa mfugaji hukimbilia debe la mahindi. Kuku yuko nusu uchi, baridi yaja, basi ale ashibe. Mimi naona huko ni kumhurumia kwa kumkosesha.

Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu. Tetea wa kawaida hula gramu 120 hivi kwa siku, na chakula cha kuku wa mayai chenye protini asilimia 16 humpa gramu 19 za protini. Sasa mtupie gramu 40 za mahindi asubuhi. Atazimaliza kwanza, maana anazipenda, kisha atakula gramu 80 tu za chakula chake. Protini imeshuka hadi gramu 16, katika wiki zile zile anazoihitaji kuliko wakati wowote. Ndiyo maana wengine hukaa miezi minne bila kumaliza kuota manyoya, ilhali miwili ingeweza kutosha.

Kinachofaa ni kuhamia chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20, kama kile cha vifaranga wanaokua, tangu manyoya ya shingo yanapoanza kudondoka hadi mkia ujae. Badilisha taratibu kwa muda wa wiki moja. Chakula cha aina hiyo kina kalsiamu kidogo, na hiyo ni heri: asiyetaga hana pa kuipeleka, na ikizidi huelemea figo. Wanaoendelea kutaga wawekee maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Kila mmoja atajichukulia kiasi chake. Ukiongeza soya, ikaange au uichemshe kwanza, kwa sababu mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Funza wakavu ni wazuri, kijiko kimoja kwa kuku, si bakuli.

Mtazame kuku kwa karibu wakati huu. Vinyoya vipya huchomoza kama miiba ya rangi ya buluu iliyokoza, na ndani yake mna damu. Ukimbana mkononi anaumia, kwa hiyo usimshike bila sababu. Wenzake wakianza kuidonoa miiba hiyo, kagua chakula na nafasi bandani kabla ya kumlaumu mdonoaji. Na kabla hujasema ni msimu wa kupukutisha, fungua manyoya ya chini ya mkia: chawa na utitiri nao huwaacha kuku na mabaka matupu.

Je, mahindi yatupwe? La. Yana wakati wake, nao ni jioni. Nafaka huchukua muda kusagika, na kazi hiyo humtia kuku joto usiku. Gramu 15 kwa kila mmoja, saa moja kabla hawajapanda kulala, zinatosha. Asiyepata changarawe nje awekewe bandani, la sivyo firigisi haina cha kusagia.

Katika baridi kali kuku hula zaidi, hata gramu 150, kwa hiyo chombo cha chakula kisibaki kitupu. Lakini maji ndiyo husahaulika. Yakiganda, kuku huacha kula hata kama chakula kimejaa, kwani chakula kilicho kwenye gole, ule mfuko wa shingoni, hakilainiki. Peleka maji vuguvugu asubuhi na alasiri. Usiyaache ndani ya banda usiku: mvuke wake, pamoja na ule wa kinyesi na pumzi, ndio huloanisha upanga wa kichwani ukaungua kwa baridi. Kwa sababu hiyo hiyo, matundu ya hewa yaliyo juu ya vichwa vyao yasizibwe, hata upepo ukivuma vipi.

Taa za kurefusha mchana ili kuwalazimisha kutaga nazo zisubiri. Mwili unaojenga manyoya hauna akiba ya kujenga yai.