Matawi mia na hamsini, halafu?

Juzi kwenye grupu la wajasiriamali jamaa kaleta kisa cha Vasan Eye Care, mtandao wa hospitali za macho wa India, eti kampuni "iliyouawa na siasa". Watu wakamwagia vikatuni vya machozi. Nilikereka.

Ni kweli, na nalisema kwa shingo upande: watu wa kodi waliivamia mwaka 2015, na majina ya wanasiasa yakarushwa huku na huko. Haya. Lakini aliyeiburuza kwenye shauri la ufilisi Chennai mwaka 2017 ni Alcon, muuzaji wa vifaa vya macho, akidai chake. Hospitali ya macho inayoshindwa kumlipa mtu wa vifaa ina haja gani ya adui?

Ilianzia Tiruchirappalli mwaka 2002. Zikaingia hela za kampuni ya uwekezaji ya Sequoia, kisha za mfuko wa serikali ya Singapore, na matawi yakavuka 150. Hapo ndipo wenzetu hupiga makofi. Jamani! Tawi la macho ni hadubini ya upasuaji, ni mashine ya kupasua na kufyonza mtoto wa jicho, ni daktari bingwa anayetaka mshahara hata siku ambayo hakuna aliyelala mezani. Bado pango. Ufanye operesheni 2 au 20, riba ya mkopo ni ileile. Na mteja wenyewe ana macho mawili tu. Ukimtibu vizuri humwoni tena. Kwa hiyo faida iko kwenye kujaza meza, wala si kwenye kuhesabu vibao vya barabarani.

Tena darasa lilikuwa jimbo hilohilo la Tamil Nadu. Dkt. Venkataswamy alistaafu serikalini, akafungua hospitali ya macho ya Aravind pale Madurai mwaka 1976 kwa vitanda 11. Daktari mmoja, meza mbili: akimaliza huyu anageukia yule, ambaye wauguzi wameshamwandaa. Anayelipa anambeba asiyelipa. Lenzi za kuweka ndani ya jicho, za kuagiza nchi za nje, zilipokuwa ghali mno, mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab. Wamekua polepole, kwa ziada yao wenyewe, na mpaka leo wapo. Najua, Aravind ni shirika la hisani na hakuna mwekezaji anayegonga mlango akitaka gawio. Sawa, lakini hesabu ya meza ni moja kwa wote.

Wawekezaji siwalilii, wana mawakili. Namfikiria bibi aliyepasuliwa jicho moja, akaambiwa arudi baadaye kwa la pili. Arudi wapi, kama tawi limefungwa na daktari kashahamia kwingine?

Mwaka 2023 ASG, mtandao mwingine wa hospitali za macho, ulikabidhiwa Vasan. Natumaini kabla ya kuuliza matawi yako mangapi, waliuliza kila moja linapasua wagonjwa wangapi kwa siku.