Dawa ya chunusi za kijana iandikiwe na tarehe ya kuiacha

Kijana mwenye chunusi kali akipelekwa duka la dawa, mzazi huuliza swali lile lile: "Hamna antibayotiki kali kidogo?" Muuzaji naye yuko kazini. Leo atatoa Ampiclox, wiki mbili baadaye azithromaisini ya siku tatu, zisipokauka atatoa Septrin. Huko nyumbani bibi ameshafungua kapsuli ya rangi mbili, kachanganya unga wake na mafuta ya mgando, kampaka mjukuu usoni. Familia inapofika kwa daktari wa ngozi, mtoto ameshameza dawa za kila rangi na makovu yameshakaa.

Mimi si daktari. Ni mjomba aliyemsindikiza mpwa wake kliniki, akasoma kila karatasi aliyopewa na nyingine ambazo hakupewa. Antibayotiki ya kumeza ina nafasi yake kwenye chunusi kali, sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni kuitoa peke yake na bila kumwambia mtu ataimeza mpaka lini.

Tuelewane kwanza chunusi kali ni zipi. Vipele vya puani na vile vinavyokuja na mtihani vinatosha dawa ya kupaka. Kali ni vile vivimbe vya ndani vinavyouma hata kijana akilalia shavu, vinavyosambaa kifuani na mgongoni, na vinavyoacha mashimo. Kwetu wenye ngozi nyeusi vinaacha pia madoa yanayokaa miezi, na kwa wengine kovu hufura na kuwa keloidi. Huyo asubirishwe nyumbani kwa kuambiwa ni ujana tu, utapita? Hapana.

Kwa kijana wa umri wa sekondari, ningekuwa mimi ninayechagua, ningeanza na doksisaiklini, ile tunayoiita doksi. Madaktari wa ngozi wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2024, waliipa pendekezo la nguvu kuliko antibayotiki nyingine za kumeza. Uingereza nao, katika mwongozo wa 2021, wanaitaja kwa miligramu 100 mara moja kwa siku, pamoja na dawa ya kupaka, kisha mgonjwa aangaliwe upya baada ya wiki 12. Ni dawa ya zamani, bei yake si ya kutisha, na madhara yake yanajulikana. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo, kwa sababu huacha rangi ya kudumu kwenye meno yanayoendelea kuumbika. Uingereza hawampi mtoto aliye chini ya miaka 12.

Namna ya kuimeza watu huipuuza, na ndipo shida nyingi zinapoanzia. Mwanafunzi wa bweni humeza kidonge taa zikikaribia kuzimwa, kwa funda moja la maji, akajitupa kitandani. Doksi ikinasa kooni huchoma, na kesho yake mtoto hamezi hata mate bila maumivu. Imezwe na glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa au zaidi. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu huipunguzia nguvu, kwa hiyo viachiane saa kadhaa. Msichana anayemeza madini ya chuma aambiwe hili waziwazi. Halafu jua. Doksi huifanya ngozi iungue upesi, na weusi wetu si kinga kamili. Paredi ya saa nne asubuhi na mechi ya saa tisa alasiri zinataka kofia na mafuta ya kukinga jua. Akipata maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, aache dawa na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kwa nini si hizo nyingine? Minosaiklini ni ndugu wa doksi na hufanya kazi, ila ndiyo inayojulikana zaidi kwa kusababisha ugonjwa unaofanana na lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), kuumiza ini, na kuacha rangi ya kijivu au bluu kwenye ngozi. Sioni faida inayolipia hayo. Septrin inaweza kuleta mmenyuko adimu lakini wa kutisha, ngozi na midomo ikachubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kuibeba hatari hiyo kwa ajili ya chunusi, wakati doksi ipo, siwezi kuikubali hivi hivi. Azithromaisini nayo tunaihitaji kwingine: ndiyo inayogawiwa vijijini kupambana na vikope vinavyopofusha watu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalifu zaidi, huku doksi ikiwa kwenye kundi la zile za kuanzia. Ampiclox haimo kabisa katika matibabu ya kawaida ya chunusi.

Iwe doksi au nyingine, isitembee peke yake. Bakteria wa chunusi wakizoea dawa, wataendelea kuishi mashavuni mwa mtoto, na wale wa tumboni na kooni nao wanajifunza usugu huo huo. Ndiyo maana huwekwa jeli ya benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawajulikani kuizoea, na mara nyingi adapalini, dawa ya kupaka usiku inayozuia vitundu vya ngozi kuziba. Mama mwenye nyumba ajiandae: benzoili peroksaidi hupausha taulo, foronya na sweta la shule, na rangi iliyopauka hairudi kwa kuosha. Kuongeza jeli yenye antibayotiki juu ya antibayotiki ya kumeza ni kuwazoesha bakteria mara mbili.

Na uvumilivu. Mabadiliko huanza kuonekana wiki ya sita hadi ya nane, sisi tunabadili dawa wiki ya pili. Madoa yakibaki, shangazi mmoja ataleta mkorogo au krimu yenye steroidi. Uso utang'aa kwa muda, kisha chunusi zitarudi kwa hasira.

Miezi mitatu, minne ikipita na vivimbe bado vinaibuka, au makovu yanaanza mapema kuliko hapo, kurudia dozi ni kupoteza muda. Hapo ni kwa daktari wa ngozi: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika tangu miaka ya 1990. Huko inaweza kutajwa isotretinoini, dawa nzito inayoweza kuzimaliza kabisa chunusi za aina hii. Haichanganywi na doksi. Huangaliwa kwa vipimo vya damu, na humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, hivyo msichana atapimwa ujauzito na kuulizwa kuhusu uzazi wa mpango, hata akiwa kidato cha tatu na hata akiwa binti wa shehe au mchungaji. Mama, ukiombwa utoke nje dakika chache ili binti ajibu maswali hayo mwenyewe, toka.