Gari Kwanza, Ndugu Baadaye

Simu ya Mama ilinipata saa kumi alfajiri, Jumapili. Hakunisalimu. "Mdogo wako yuko ndani. Enda umtoe." Nikamuuliza gari liko wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo ukoo mzima unanikumbusha mpaka leo: "We mtoto, gari ni chuma. Yule ni damu."

Ngojeni nami niseme langu, maana nimehukumiwa bila kusikizwa.

Gari lenyewe ni Probox. Kazi yake ni kubeba mayai kutoka Kikuyu hadi madukani Kangemi na Westlands, na bado nalilipia mkopo wa sacco. Jumamosi ile mdogo wangu aliliomba apeleke marafiki ruracio, sherehe ya mahari, huko Limuru. Wakati wa kurudi akakuta kizuizi cha polisi Waiyaki Way, akapuliza kile kidude cha kupima pombe, na kikasema amelewa. Hakugonga mtu. Hiyo ni bahati tu, kwa sababu yeye mwenyewe alikiri hakumbuki kupita Kinoo.

Nilifika kituoni saa moja asubuhi nikaulizia gari. Afisa wa zamu akaniangalia. "Na ndugu yako je?" Nikamwambia yule tayari ana pa kulala. Akacheka, akafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio.

Sasa, kutoa gari kituoni ni kazi. Logibuku yangu, hati ya umiliki wa gari, iko kwa sacco, kwa hivyo ilibidi niingie eCitizen, tovuti ya serikali, kwa simu nitoe nakala ya rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, halafu nizunguke kutafuta saiba ya kuchapisha iliyofunguliwa Jumapili asubuhi, kwa kuwa afisa alitaka karatasi. Niliporudi, mwenye brekidauni, lori lililovuta gari, alikuwa ananisubiri. Elfu nane, pesa mkononi. Risiti? Hana. Nikamwambia basi na mimi sina. Tulibishana karibu saa nzima mpaka akashuka hadi elfu tano na kuandika kwenye kipande cha karatasi. Kila mtu anajua dhamana ya polisi ni bure, na ile ya pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha. Bei ya kuvutwa kwa gari haijaandikwa ukutani popote, na hapo ndipo mwenye gari hunyonyolewa kama kuku. Kabla ya kutia sahihi nilikagua kila kitu: spea, redio, mafuta, trei za mayai. Jeki haikuwepo. Hakuna aliyeiona.

Saa tano nikaondoka na gari langu. Ndugu yangu nikamwacha.

Ningeweza kumlipia dhamana siku hiyo hiyo, sikatai. Katiba, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha, na zikiishia siku ambayo korti haikai, anasubiri siku ya korti inayofuata. Nikaamua Jumatatu si mbali. Nilimpelekea chai, mkate na sweta, nikarudi nyumbani nikalala.

Kundi la WhatsApp likawaka. Shangazi akaandika kwamba nina moyo wa jiwe. Mjomba, wakili wetu ambaye hajawahi kukanyaga shule ya sheria, akatukumbusha kwamba Mahakama ya Rufaa ilikataa zile kanuni za kipimo cha pombe mwaka 2017. Ni kweli, mjomba. Lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakikwenda popote. Ukiendesha gari ukiwa umelewa hadi huwezi kulimudu, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mtu asiyekumbuka Kinoo alilimudu vipi?

Jumatatu, kortini Milimani, mdogo wangu alikubali kosa. Faini elfu ishirini. Mchango ulifika kwa muda wa saa mbili, M-Pesa juu ya M-Pesa, na nyingine kutoka kwa binamu ambao sijawaona tangu mazishi ya babu. Mwaka jana tuliomba mchango wa miwani ya Mama. Ulichukua mwezi, na mwishowe nilijazia mwenyewe.

Hapo ndipo ninapokosana na jamaa zangu. Tunamchangia mlevi haraka kwa sababu tunaogopa aibu, halafu hasara yote iliyobaki inamkalia aliyemwazima gari. Hakuna aliyeuliza nani alilipa brekidauni. Hakuna aliyeuliza kuhusu wateja wa Jumapili waliokosa mayai, wala bima yangu, ambayo imeandika wazi kwamba dereva akiwa mlevi mimi silipwi. Angegonga kijana wa bodaboda pale Uthiru, deni la sacco lingebaki langu, gari likiwa vyuma chakavu. Hicho "chuma" ndicho kilicholipa karo ya huyo "damu" miaka miwili.

Tumeongea. Alikuja kwangu Alhamisi, akakaa mlangoni kama mgeni. "Dada, nilikosea." Nikamwambia ananidai radhi kidogo na mimi namdai elfu tano na jeki. Kufikia sasa ametuma elfu moja na mia tano.

Ufunguo ninatembea nao kwenye mkoba. Ule wa pili, wa akiba, yuko nao Mama, na kila nikimuuliza aliuweka wapi, ananiuliza kama nimekula.