Njia ya kando ya Mto Mirongo: nani apite, na maji yapite wapi

Hoja ya kuwa na njia ya pamoja kando ya Mto Mirongo, kwa waenda kwa miguu, baiskeli na viti mwendo, inagawa watu hapa Mwanza. Wanaoitaka wanatazama mtoto anayekwenda shule akibanana na daladala pembeni mwa lami. Wanaoikataa wanasema mto huu unafurika, fedha zitasombwa na maji, wauza mboga na mafundi wa kando ya mto wataondolewa, na mwisho wa yote bodaboda ndio watakaofaidi. Hoja zote hizi zina uzito. Binafsi naiunga mkono njia hiyo kwa sharti moja: iwe kwanza njia ya kuuhudumia mto.

Mirongo hupokea maji ya vilima vya mawe. Mvua ikinyesha juu ya mwamba hainywewi na ardhi. Hushuka yote kwa muda mfupi, ikibeba mchanga, chupa na mifuko. Mchanga ukijaa mtoni kina kinapungua, na maji yanaingia majumbani, jambo ambalo wakazi wa Mabatini hawahitaji kusimuliwa. Dawa inajulikana: kuzibua mto kabla ya vuli kuanza Oktoba, na tena kabla ya masika ya Machi. Tatizo ni kwamba kuta na vibanda vimefika ukingoni kabisa, na kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, hakina pa kupita. Njia ikijengwa, kijiko kinapata mlango.

Sharti hilo linabadilisha vipimo. Kwa waenda kwa miguu na baiskeli zinazopishana, upana wa mita 3 unatosha. Kijiko cha minyororo cha tani 20 nacho kina upana unaokaribia mita 3, na minyororo yake hung'oa matofali ya pevingi kwa siku moja. Kwa hiyo ama pawe na ukanda wa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa pembeni ya njia, ama kitumike kijiko cha matairi, ambacho ni chepesi zaidi lakini mkono wake ni mfupi. Sehemu mto ulipo mwembamba cha matairi kinatosha. Mto unapopanuka hakifiki katikati, na hapo ukanda wa moramu hauepukiki.

Pevingi ndiyo inayopendwa kwenye michoro, lakini kando ya mto ina udhaifu wake. Tofali hukaa juu ya mchanga wa sentimita 3 hivi. Mafuriko yanapopungua, maji huufyonza mchanga ule kupitia ukingo uliopasuka, na tofali linabaki juu ya shimo. Baada ya wiki chache njia inapinda. Zege la sentimita 12 lenye maungio kila mita 3, juu ya ukingo uliojengwa kwa mawe, linavumilia zaidi. Na mawe Mwanza hatuagizi mbali.

Kosa kubwa zaidi, ambalo wapingaji wenyewe hawalitaji vya kutosha, ni kuinua njia. Mhandisi akitaka isizame, anaijazia kifusi iwe juu ya ardhi ya jirani. Matokeo yake ni tuta. Mitaro ya mtaa iliyokuwa ikimwaga mtoni inagonga tuta hilo, na nyumba ambazo hazikuwahi kufikiwa na mto zinaingiwa na maji kutoka nyuma. Kila mtaro, hata ule uliochimbwa na mwenye nyumba kwa jembe, unahitaji kalavati lake, la kipenyo kisichopungua milimita 600 ili mtu aweze kulisafisha kwa koleo. Bomba la milimita 300 huziba kwa mifuko msimu wa kwanza tu. Ni afadhali njia ilale sawa na ardhi, ikubali kuzama mara chache kwa mwaka, kisha ioshwe matope.

Kuhusu bodaboda, wapingaji wako sahihi, na hakuna nguzo itakayowazuia. Nguzo zikiachiana mita 1.2 gari na bajaji havipiti. Usukani wa pikipiki ni sentimita 80 hivi, karibu sawa na kiti mwendo, kwa hiyo ukibana nafasi hadi pikipiki ishindwe, umemfungia nje mlemavu uliyesema unamjengea. Kinachosaidia ni njia isiwe mkato kati ya barabara mbili zenye abiria wengi, na vijiwe vya bodaboda vya pande zote mbili vishirikishwe tangu mwanzo. Nguzo ya kati iwe ya kung'olewa kwa ajili ya kijiko, na ufunguo ukae ofisi ya mtaa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Wapo wanaouliza: njia si shughuli ya kudumu? Ni swali halali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lijibu kabla ya mchoro, si baada. Hofu yangu iko kwingine. Njia inahitaji mita 4 hadi 6, lakini ikishaanza, mita 60 zinaweza kutajwa kama sababu ya kuwaondoa watu mitaa mizima. Mipaka ya mradi iwekewe alama ardhini hadharani, na mwenye genge la mchicha aonyeshwe kwa kidole pa kuhamia kabla hajaambiwa ahame.

Mto unapoingia Ziwa Victoria, kipimo ni maji ya 2024, ziwa lilipopanda kupita hata rekodi ya 2020. Chini ya alama hiyo pasijengwe kitu kisichoweza kuloana. Pasiwekwe pia ngazi za kushukia majini: kichocho kipo, na watoto watazitumia kuogelea.

Linabaki suala la mwenye mali. Barabara nyingi za mijini ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, taka ni za halmashauri. Bila taasisi moja iliyoandikiwa kwenye bajeti yake kuzibua mto mara mbili kwa mwaka na kusafisha makalavati, ningewaunga mkono wapingaji.